Maharage ya Profesa Majani

Mume wa Mama Kantini aliacha kula nyama kwa sababu aliangaliwa na ng'ombe. Hakupigwa teke wala pembe, aliangaliwa tu. Alikuwa amekwenda machinjioni kuchagua ngozi, maana kazi yake ni kushona viatu, na ng'ombe mmoja kwenye foleni akageuza shingo akamkazia macho. Fundi akarudi nyumbani mikono mitupu, akakaa kwenye kochi akalia kama aliyefiwa. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Kuanzia siku hiyo nyama, samaki, mayai na maziwa vilipigwa marufuku kwenye sahani yake. Viatu vya ngozi aliendelea kushona, kwa sababu ngozi, alivyoeleza, ilikuwa imeshakufa, kana kwamba nyama ya buchani huwa bado inapumua. Mtaa ukampa jina la Profesa Majani. Badala ya kukasirika, akaanza kuvaa miwani.

Mama Kantini, anayewapikia walimu kwenye kantini ya shule, angeyavumilia hayo yote. Alishavumilia mbio za alfajiri, zilizodumu siku tisa, na kuacha sigara, ambako kulitokea mara nne. Lakini mwezi wa pili wa majani Profesa alianza kushika ukuta kila anaposimama. Zahanati wakampima, wakakuta damu tisa, wakati mwanaume anatakiwa awe nayo kuanzia kumi na tatu.

Daktari hakugombana na majani. Alisema watu wengi wanaishi vizuri bila nyama, ila hawaachi tu, wanaweka kitu mahali pake: maharage na dengu kwa wingi, mboga za kijani, chai isinywewe pamoja na chakula, na vidonge vya damu na vya ile vitamini ambayo majani hayana. Profesa akakigeuza kidonge kati ya vidole, akauliza ganda lake limetengenezwa na nini. Daktari, kwa bahati mbaya, alikuwa mtu mkweli. Akasema mifupa na ngozi za ng'ombe, zimechemshwa.

"Kumbe bado ananifuata," alisema Profesa, akakirudisha mezani.

Njiani mkewe alimkalia kooni. "Utakufa, baba watoto."

"Nitakufa na dhamira safi."

"Dhamira haiongezwi kwa dripu."

Profesa alikuwa amesimama kushika ukuta.

Mama Kantini hakulala vizuri siku ile. Alimpenda mume wake, pamoja na miwani yake, na hakuwa tayari kumzika kwa ajili ya ng'ombe asiyemjua. Kesho yake alinunua maini, akayachemsha, akayasaga kwenye blenda ya kantini mpaka yakawa uji, akayatia kwenye maharage pamoja na nyanya, tangawizi na vitunguu saumu vya kutosha kuficha jinai yoyote. Profesa alikula, akaramba kijiko, akaomba tena. Alikula hivyo karibu kila siku, miezi sita ikapita, na maini hayakukoma.

Akanawiri, mashavu yakarudi. Alipopimwa tena, damu ilikuwa kumi na tatu na nusu, na hapo ndipo nyumba ilipopata mtume. Cheti cha maabara kilitiwa plastiki na kutundikwa karakanani, juu kidogo ya rundo la soli. Mteja aliyekuja kubandikiwa kisigino alitoka na kisigino na mahubiri.

"Maharage matupu!" Profesa alikuwa akisema, akikigonga cheti kwa nyundo ndogo. "Sikumeza hata kidonge kimoja. Mwili unajua wenyewe!"

Mama Kantini alikuwa akisikia hayo na kuinamia sufuria yake. Mwanzoni ilimchekesha. Baadaye ilianza kumsuta, lakini kila alipotaka kusema, alimwona mume wake anavyotembea mabega juu, akaahirisha.

Kisha mdogo wake Profesa, msusi anayeishi nyumba ya pili, naye akaacha nyama. Huyu damu yake ilikuwa ya kubahatisha tangu ubinti. Na kwa kuwa hakupenda kupika, majani yake yalikuwa kabichi la kuchemsha, mkate na chai ya rangi nyeusi tititi, asubuhi, mchana na jioni.

"Wifi, wewe kula japo mayai," Mama Kantini alimsihi.

"Mbona kaka hali na anadunda?"

"Kaka yako ni kaka yako."

"Tumezaliwa tumbo moja, wifi."

Mama Kantini angeweza kusema pale pale. Mdomo aliufungua kabisa. Akaishia kumpa bakuli la dengu.

Miezi minne baadaye, siku ya Jumamosi mchana, msusi alianguka saluni, kitana kikiwa bado kwenye kichwa cha mteja. Mteja mwenyewe ndiye aliyekuja mbio kuleta habari, nusu kasukwa, nusu timtim. Walipofika zahanati walimkuta wifi kitandani, midomo imempauka. Damu ilikuwa sita. Daktari alikuwa ameshika vidonge, na mgonjwa ameufunga mdomo kama mtoto.

"Sivitaki. Kaka alipona bila vidonge."

Profesa akachomoa cheti kutoka kwapani. Ndiyo, alikuja nacho. "Daktari, ushahidi huu hapa. Mpe maharage tu."

Mama Kantini alimtazama wifi yake, akaona mkono ule uliozoea kusuka nywele kutwa nzima unashindwa kushika glasi ya maji. Yeye ndiye aliyempika mtume, na huyu ndiye muumini.

"Maharage yake yana maini," alisema.

"Ya nani?" aliuliza daktari.

"Ya mume wangu. Nayasaga. Tangu alipokataa kidonge." Akamgeukia wifi. "Hakupona kwa majani, mama. Meza dawa, nakuomba."

Wifi akameza, macho kwa kaka yake. Profesa alikuwa amekishusha cheti. Mkewe alisubiri makelele. Alishajiandaa na majibu matatu, yote makali.

"Miezi kumi?" aliuliza Profesa, polepole.

"Ungekufa."

"Labda." Akavua miwani. "Sigara nimerudia mara nne, we unajua. Mbio nimeshindwa. Hili ndilo jambo pekee maishani nililoliacha nikaweza. Nilikuwa namwambia hata yule ng'ombe, kimoyomoyo, kwamba nimeweza."

Majibu yale matatu yalimyeyukia mdomoni. Safari hii hakucheka hata kidogo.

Profesa aliomba vidonge vyake. Akavipasua maganda kimoja kimoja, akamimina unga kwenye kijiko, akaulamba bila maji, akakunja uso. Maganda aliyaacha mezani kwa daktari.

Kesho yake mchana Mama Kantini alimkuta jikoni kwake, amevaa aproni yake, anakoroga maharage. Profesa akampakulia mkewe sahani nzuri iliyojaa na kumwekea mezani kwa heshima zote. Hapakuwa na ugomvi. Harufu ya tangawizi ilikuwa kali.

Mama Kantini alishika kijiko, akakizamisha, akakiinua mpaka usawa wa mdomo, akasita.

"Umeweka nini humu?"

"Maharage," alisema mume wake, akaketi mbele yake. "Kula, mke wangu. Niamini."