Uso wa Dada Kungi

Sikumwonea Kungi wivu kwa mali, maana hana. Nyumba yake imeinamia bonde kuliko yangu, mumewe ni mlevi, na mtoto wake wa pekee, Puia, ana miaka kumi na tisa na hajawahi kusimama kwa miguu yake. Nilimwonea wivu kwa uso. Kila Jumapili, wakati wa maombi ya pamoja, kanisa zima husali kwa sauti, kila mtu na lake, mpaka mabati yanatetemeka. Mimi hapo nilikuwa nafumbua jicho moja nimtazame. Kichwa kimeinama, mdomo umelegea kidogo, uso umetulia kabisa. Wenzangu walikuwa wakinong'onezana kwamba Roho amemshukia. Mimi hakuwahi kunishukia hata kwa bahati mbaya.

Mume wangu, Liana, aliangukiwa na mti miaka miwili iliyopita, siku za kufyeka shamba jipya mlimani. Tangu hapo, kuanzia kiunoni kwenda chini, hana habari na mwili wake. Namgeuza, namwogesha, nafua matandiko, napanda mlima na kuni, nateremka na maji, na mgongo wangu mwenyewe hakuna anayeuuliza hali. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nikiutazama wa Kungi naona ni usufi kweli, kwa jinsi alivyoubeba. Hata Puia nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, kwa sababu mimi sikujaliwa hata mtoto wa kubeba.

Basi mvua zilipochanganya, kina mama wa kanisa tukakaa kuchagua atakayetoa ushuhuda kwenye mkutano mkubwa, kuhusu kutiwa nguvu na Bwana wakati wa kuchoka. Jina likatajwa moja tu. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikarudi nyumbani, nikafungua mlango kwa teke. Siku ileile nikampigia simu kaka yangu Sawma, nikamwambia Jumatatu ijayo aje na gari anirudishe kwa mama. Liana ana kaka watatu, wamtunze wao. Liana mwenyewe sikumwambia kitu.

Mungu naye nikamsusia. Kwetu mwanamke akipika, asubuhi na jioni, kabla ya kutia mchele sufuriani huchota konzi moja, akasali neno fupi, akaitia kwenye kopo la kanisa. Jumamosi kina mama wawili hupita na kapu kukusanya. Konzi hiyo hairukwi hata nyumba iwe na njaa. Mama yangu aliitoa mwaka ambao panya walimaliza mpunga wote shambani. Mimi wiki ile sikutoa hata punje. Nilikuwa nikipita mbele ya kopo na kulikata jicho.

Jumamosi mchana nikasikia sauti zao kwa jirani, na kiburi chote kikaniishia. Nilichota bakuli zima kutoka guniani, nikamimina kwenye kopo, nikasimama mlangoni natabasamu. Aliyeshika kapu ni Kungi, na mwenzake ni mke wa mchungaji. Kungi akamimina kopo langu taratibu, akapitisha vidole kwenye mchele, akaniangalia. Akasema asante, wakaenda zao.

Haikupita saa akarudi peke yake. Puia amemwacha na bibi yake, akasema, na akaketi jikoni kwangu bila kukaribishwa.

"Siami, mdogo wangu, mchele wako wote ni wa Alhamisi."

Nikamuuliza tangu lini mchele ukawa na siku.

"Mpaka Jumatano kijiji kizima tulikuwa tunakula ule mgao wa zamani wa serikali, wa rangi ya vumbi, wadudu kibao. Mgao mpya umefika Alhamisi. Makopo yote niliyomimina leo yana mchanganyiko. La kwako jeupe pe, kama meno ya bandia ya mzee wa kanisa."

Damu ilinipanda kichwani. Mtu akifumaniwa na mwingine aone haya. Akifumaniwa na mtakatifu, anatamani kumng'ata.

"Haya, kanitangaze," nikamwambia. "Kaliweke kwenye ushuhuda wako. Wewe unasali mpaka uso unang'aa, mimi mwizi wa konzi. Na Jumatatu naondoka, namwacha Liana. Mpelekee mchungaji na hiyo."

Kungi alinitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye nguzo.

"Uso gani unaong'aa? Siami, mimi pale huwa nalala."

Nikadhani ananidhihaki. Akafuta machozi kwa ncha ya shuka lake, na sauti yake ikabadilika.

"Nalala usingizi mzito, mama. Nyumbani Puia ananiita mara tano usiku mmoja, na baba yake anarudi anaimba. Kanisani watu wote wanapiga kelele na hakuna hata mmoja anayeniita mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona aibu, namwomba Bwana msamaha kila nikizinduka. Halafu siku moja nikamkumbuka yule nabii aliyechoka mpaka akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Nikaacha kuomba msamaha. Sasa nikifumba macho namwambia tu: nimekuja, nimechoka, nishike. Hapohapo nimeshalala. Nikiamka naweza kumnyanyua Puia wiki nyingine. Sijui kwa nini naweza. Zamani nilikuwa siwezi."

Wivu ni kitu cha ajabu. Mwanamke ananifungulia moyo wake hivyo, na mimi nikaanza kumwonea wivu kwa huo usingizi. Nilimwambia waziwazi kwamba Mungu anampendelea, kwa sababu mimi hata nikipata nafasi silali, nabaki nahesabu mabati.

Kungi hakubishana nami. Alisema mtu aliyechoka asikate shauri lolote. Kama ni kuondoka, niondoke nikiwa nimelala. Akanisukuma chumba cha nyuma, akanifunika blanketi, akaniambia yeye atakaa na mume wangu hadi jioni. Nikataka kumkatalia. Badala yake nikamwambia Mungu, kwa hasira, yale maneno matatu ya kwake, nione kama ni ya Kungi peke yake. La tatu sikumbuki kama nililimaliza.

Kilichoniamsha ni kicheko cha Liana. Mume wangu hakuwa amecheka kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeshaamini kwamba na chenyewe kiliangukiwa na ule mti. Nikanyata hadi mlangoni. Kungi amemweka Liana vizuri juu ya mito, amempaka sabuni mashavuni, ana wembe mkononi, anamnyoa ndevu. Na anamsimulia habari za ujana wetu, jinsi Liana alivyokuwa akija jioni nyumbani kwa baba yangu kuniongelesha, kama wavulana wote wa kwetu, akakaa karibu mno na moto akinikodolea macho, mpaka suruali ikashika moto na baba akammwagia chai. Liana anacheka, povu linaruka.

Jamani, nilisikia wivu ambao sijausikia maishani. Wa mwanzo wote ulikuwa mchezo. Hadithi ile ni yangu. Moto ule ulikuwa wa kwetu, suruali ile niliishona mimi, na shavu lile miaka miwili nimeligusa kama naosha sahani tu, sasa mwingine analigeuza kwa vidole viwili na mwenyewe anacheka. Nilivuka chumba nikamnyang'anya wembe.

"Dada Kungi, nenda kwako. Huyu ana mwenyewe."

Kungi akainuka polepole, akajinyoosha, akasema amefurahi kusikia hivyo. Akavaa kandambili zake akaondoka. Liana alikuwa ananitazama kwa mshangao, na mimi sikuweza kumtazama. Nikamnyoa shavu la kulia, halafu nikasema maji yamepoa, nikakimbilia jikoni.

Nilipopiga magoti mbele ya jiko sikuwa nimepanga. Na kwa kuwa tangu utotoni tumezoea kusali kwa sauti, kila mtu amefunikwa na sauti za wengine, nilisali kwa sauti, nikasahau kwamba leo hakuna wengine, na kwamba kati ya jiko na kitanda kuna ukuta wa mianzi tu. Nikamwambia Bwana yote. Kwamba nimechoka. Kwamba namwonea wivu Kungi, mtoto wake, usingizi wake, na sasa mkono wake. Kwamba nilimwibia konzi. Kwamba nilimwita Sawma aje anichukue, nikaficha, na kila nikimgeuza Liana nilikuwa nahesabu siku. Nikamwambia simtaki tena mtu mwingine amnyoe, na nguvu za kumnyoa mimi sina, kwa hiyo anipe za leo tu, na Jumatatu anipe nyingine nimwambie kaka yangu anywe chai, ageuze gari. Kesho kanisani anilaze.

Ng'ambo ya ukuta nikasikia kikohozi.

"Amina," akasema Liana. "Njoo basi umalize shavu la pili."