Nywele za Wachoma Dhahabu

Profesa Damian alimkuta dada yake, Martina, uani akikata vitunguu, karai mapajani. Machozi yake yalidondoka karaini mazito, yanang'aa kama bati jipya, yakakimbiliana na kuungana. Yalikuwa zebaki, ile inayonasa dhahabu na kupaa moshi ikichomwa. Wanawake wote waliochoma dhahabu katika kijiji kile cha Geita walilia hivyo tangu kiangazi cha mwaka juzi, na haikuwa habari tena. Martina aliyamimina kikombeni, akafuta mikono kwa kanga, ndipo akaitikia shikamoo ya mdogo wake.

"Marahaba, Profesa. Sasa umefika juu kabisa, au bado kuna ngazi?"

"Nimefika, dada."

"Basi kaa. Utachoka kusimama huko juu."

Ngazi hizo Damian alizipanda kwa vichwa vya wanawake wa pale. Fizikia yake ilikuwa ya vipimo: alizimulika nywele kwa miale maabarani, miale ikamwonyesha zebaki iliyoingia mwilini. Nywele za kwanza zilimpa shahada ya uzamivu. Za pili zikamfanya mhadhiri mwandamizi, na zilizofuata zikamfikisha kwenye uprofesa. Makala zake zilisomwa ng'ambo. Kijijini hakurudi na majibu. Alirudi na mkasi.

Wala wanawake hawakuyadai majibu. Kwao, msiba ukiisha wafiwa hunyolewa, nywele zikatupwa mbali, kifo kikaenda nazo. Walipomwona msomi wao ananyoa na kubeba nywele hadi mjini, walijua anaibeba sumu. Wakamwinamia kwa shukrani, kisha wakarudi kuchoma kwa moyo mweupe, bila kufunika hata pua. Damian alilitambua kosa hilo tangu safari ya kwanza. Aliliacha, maana vichwa vilipatikana kwa urahisi.

Safari hii hakubeba mkasi. Martina alimwita binti yake, Nelly, mwenye mimba changa. Alikuja na maji ya mgeni, na mikono yake ilitetemeka, kama ya wachomaji wote, hata nusu yakamwagika njiani.

"Mnyoe yote," Martina alisema. "Mtoto asiguswe."

"Dada, nywele haziondoi kitu. Mimi huzipima tu. Sumu inabaki mwilini. Nelly aache kuchoma."

Martina alimtazama kama alivyomtazama zamani alipokataa uji.

"Ulipokuwa unapanda, zilikuwa zinaondoa. Leo umefika, haziondoi? Mlango unamfungia mwanangu?"

Damian alieleza. Alichora kwa kidole vumbini damu inavyopita kwa mama hadi kwa mtoto. Nelly akaanza kulia, zebaki ikamtiririka shavuni hadi kidevuni. Jirani yao, Epifania, akaja na bakuli akalikinga chini ya kidevu ili isipotee, kwa kuwa wiki ile zebaki iliadimika machimboni. Martina aliingia ndani akatoka na wembe. Akauweka kiganjani mwa mdogo wake, akakifunga kiganja.

Damian alinyoa. Alianzia utosini akashuka taratibu nyuma ya masikio, asimkate.

Nelly alipapasa kichwa, akashusha pumzi, akasema anajisikia mwepesi. Mama yake alicheka kwa furaha. Kisha binti akajifunga kanga, akachuchumaa penye makaa na kuanza kuchoma, uso karibu na moshi, akimwimbia wa tumboni.

Epifania alifungua kilemba chake, akainama.

"Na mimi, Profesa."