Maziwa ya Kalunguyeye

"Ninyi watu hamwezi kutoa kitu bila kukitia maji!" Dinah alifoka, akainua kibuyu ili foleni nzima ya bombani ikione. "Kalunguyeye wangu amekufa kwa maziwa yako!"

Darmi, mama yake Liban, alimkazia macho. "Kalunguyeye?"

"Ndiyo. Yule anayekula wadudu wa sukuma wiki yangu."

"Mama Charity, maziwa yangu umempa mnyama wa miiba?"

"Mnunulie na biskuti!" mwanamke mmoja akarusha, na foleni ikaangua kicheko.

Darmi hakucheka. Alichukua kibuyu, akapiga mafunda mawili, akapangusa midomo kwa ncha ya mtandio. "Nikifa, nizikeni hapa hapa. Ng'ombe wote wako mbali, huko Chara, wanatafuta nyasi. Nimebaki na mmoja, na ndama wake namwachia chuchu moja tu. Nilikuletea kwa sababu mtoto wako alikuwa mgonjwa."

Akamrudishia kibuyu, akaondoka. Mtungi wake wa manjano ukabaki kwenye foleni, mtupu.

Dinah alirudi nyumbani uso ukimchoma. Charity alikuwa kibarazani akila uji, mzima kama kigongo. Naye alikuwa akinywa maziwa yale yale, nusu kikombe kila asubuhi, kisha anasukuma kikombe kando: yananuka moshi. Vibuyu vya Waorma hufukizwa, na ladha ya moshi ndiyo sifa ya maziwa yao. Sasa utamwambiaje aliyekupa kwamba mwanao hayataki? Utamrudishiaje kibuyu kikiwa na maziwa ndani? Dinah akaona njia rahisi: kisahani, pembeni mwa bustani, karibu na rundo la majani makavu alilowawekea kalunguyeye wapate kulala.

Akakiinamia kisahani. Sisimizi walikuwa wamekizunguka. Kando yake kulikuwa na kinyesi cha majimaji. Zamani, alipokuwa akiwawekea maji matupu, walijitafutia mende na mchwa, na kinyesi chao kilikuwa kikavu, cheusi. Kiliharibika alipoanza kuwapa maziwa. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba matumbo yao hayawezi maziwa. Alikiona wiki nzima, yeye mwenye stashahada ya kilimo, akanyamaza, akaendelea kumimina.

Ila hilo lilikuwa dogo. "Ninyi watu." Huku Tana neno hilo halitupwi ovyo, limewahi kuchoma nyumba za Wapokomo na za Waorma. Naye, Mpokomo, alilitamka mbele za watu, kwa mwanamke wa Kiorma aliyemnyima ndama ili Charity anywe.

Alimwaga kilichobaki kwenye kisahani, akakisuuza, akakijaza maji. Kisha akabeba kibuyu na kurudi bombani mbio mbio, kabla moyo haujapata udhuru.

Foleni ilimgeukia alipofika.

"Mama Liban hana kosa," Dinah alisema kwa sauti ile ile aliyotukania. "Maziwa yalikuwa mazuri. Nilimpa mnyama asiyeyaweza, nikamsingizia mtu. Na lile neno la 'ninyi watu,' nalimeza mbele yenu."

"Limeze polepole," mwanamke wa biskuti akasema, "lina miiba."

Dinah aliuweka mtungi wa manjano chini ya bomba, wakampisha. Ulipojaa, akajitwika kichwani, akashika kibuyu mkononi, akafuata njia iendayo kwa Darmi.