Nyumba Iliyokauka

Porthkerra, kijiji cha wavuvi huko Cornwall, Uingereza, kina desturi yake: Pasaka ikikaribia, wenyeji waliopanga hufungasha virago kuwapisha wageni wa likizo. Baridi ikirudi, nao hurudi, maana nani mwingine atakubali kulala kwenye nyumba ambayo kuta zake hutoka jasho?

Kerensa alikuwa amehama hivyo kila mwaka tangu aolewe. Safari hii aliapa hahami. Binti yake Lowena alikuwa ameanza shule kule juu kilimani, na mama mtu hakutaka tena kumlaza kwenye karavani, kile kinyumba cha magurudumu, uwanjani kwa watu.

Basi akaiuguza nyumba ile kama mgonjwa. Ilikuwa nyumba ya mawe, ya kutosha familia, mgongo wake umeegemea mlima. Majira yote ya baridi hakuliacha jiko la kuni lizimike. Alikwangua kuvu, akapaka chokaa, akakwangua tena.

"Unaipamba kama bibi harusi," mumewe Denzil alimtania, akivua mabuti yenye magamba ya samaki. "Bibi harusi wa mtu mwingine."

"Koma, baba Lowena! Mwenye nyumba akiona tunavyoitunza atatuachia mwaka mzima. Nani afukuze wapangaji kama sisi?"

"Haya. Mimi najua samaki tu."

Wiki ya Pasaka mwenye nyumba, Bi Philippa, akaja kutoka London. Aliingia, akanusa. Akaweka kiganja ukutani, akakitazama.

"Pakavu! Kerensa, umefanyaje, mpenzi? Mafundi wote waliniambia ukuta huu hauna dawa."

"Moto tu, Bi Philippa. Moto, na kutochoka." Akamsogelea. "Nilitaka kukuomba..."

"Lakini sasa hata wageni wa Krismasi watakaa hapa!" Bi Philippa alikwishageuka, anapiga picha. "Na Januari pia! Familia nzima, na bibi na babu zao!"

Kerensa akautazama ukuta. Kumbe ule unyevu ndio uliokuwa ukiwapa makazi, na yeye kaufukuza kwa mikono yake.

"Ulitaka kuomba nini?"

"Tukae hapa. Mwaka mzima."

Bi Philippa akawa mwekundu. "Lo, mpenzi... Ungesema mapema. Lakini usafi wa Jumamosi utanifanyia, sivyo? Hakuna anayeijua nyumba hii kama wewe."

"Nitakuja," Kerensa akajibu, maana mtoto hula kila siku.

Nje, Lowena alikuwa ameketi juu ya magodoro kwenye pikapu.

"Mama, baridi ikija tunarudi?"

"Hapana, mwanangu."

Denzil aliyekuwa akifunga kamba akasimama. Akampokea mkewe kapu.

"Nitatafuta nyingine," Kerensa akasema, akipanda kukaa kando ya mtoto. "Yenye kuvu vilevile, sijali. Ila safari hii ahadi kwanza, ndipo nishike chokaa."