Daktari wa Sharubu

Sharubu alikuwa paka wa mume wangu, si wangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfukuza jikoni. Kila mwisho wa mwezi, miaka sita mfululizo, mzee alimtia kwenye kikapu, akavaa shati lake la mikono mirefu, akaniambia, "Mama watoto, nampeleka Sharubu kwa daktari." Pesa anatoa kwenye pensheni. Mimi nanung'unika: paka mzima, hata chafya hana, daktari wa nini?

Miezi mitatu baada ya kumzika mzee, Sharubu akaacha kula. Nikasema ni majonzi. Kesho yake akatapika povu. Siku ya tatu akaja kulala juu ya mguu wangu, paka ambaye hajawahi hata kunisogelea. Hapo nikaogopa. Nyumba ile tulibaki sisi wawili tu.

Nikampeleka duka la dawa za mifugo.

"Ana kilo ngapi?" muuzaji akauliza.

"Sijui, mwanangu. Ni paka."

"Bibi, mimi nina dawa za kuku, mbuzi na ng'ombe. Nikimpa ya mbuzi utarudi hapa kunililia."

"Basi mpe ya kuku."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ndipo nikamkumbuka yule daktari wa mzee. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye kishikio cha kikapu. Nikabonyeza tarakimu moja moja. Mwanamume akapokea, akanielekeza: nyuma ya posta, mlango wa kijani.

Nilipofungua mlango huo nikakuta saa. Saa ukutani, saa mezani zimepasuliwa matumbo, na mzee mmoja mwenye kioo kidogo jichoni.

"Daktari yuko wapi?"

"Karibu, shemeji. Kaa kwanza. Mimi ni fundi saa."

"Na paka mlikuwa mnamtibu na nini? Bisibisi?"

Akaona haya. Akanionyesha ubao wa drafti juu ya stuli. Kumbe mume wangu alikuwa anakuja kucheza, Sharubu analala dirishani. Miaka sita! Sasa pesa zilikwenda wapi?

Fundi akavuta droo, akatoa bahasha nene.

"Hizi hapa. Alikwenda kwa daktari wa wanyama, mtaa wa pili, akauliza paka akiugua siku moja, kumpasua ni kiasi gani. Akagawanya kwa miezi, akawa ananiachia mimi nimtunzie. Alisema nyumbani hazikai, wewe ukiona mtoto wa jirani hana sare, zimekwenda."

Nilitaka kubisha. Lakini ni kweli.

Fundi akafunga duka, akanibebea kikapu. Daktari wa kweli alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya taratibu. Akambonyeza Sharubu tumbo, akamfungua kinywa.

"Bibi, unashona?"

"Nashona."

"Uzi umemzunguka ulimi, mwingine umeshuka tumboni. Apasuliwe leo. Ukingoja kesho, sikuahidi."

Uzi wangu mwenyewe. Nikampa bahasha yote, sikuihesabu. Akahesabu yeye, akanirudishia ya nauli.

Tukakaa kwenye benchi mimi na fundi. Nilitaka kumkasirikia marehemu, sikujua nianzie wapi. Amenidanganya, lakini uongo wenyewe ndio uko mle ndani unamwokoa paka. Nikamuuliza fundi, "Shemeji, alikuwa anashinda?"

"Hata mara moja."

Sharubu alitoka kesho yake, tumbo limenyolewa, kanuna kama mume wangu alivyokuwa akinuna.

Mwisho wa mwezi binti yangu alikuja kunisalimia, akanikuta mlangoni na kikapu.

"Mama, na kikapu hicho wapi?"

"Nampeleka Sharubu kwa daktari."

"Si amepona?"

"Amepona."

Akanitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama baba yake. Nikampita. Kwenye pochi nilikuwa na pesa kidogo ya bahasha mpya, na fundi alishapanga kete za drafti. Ananifundisha. Mpaka leo sielewi ipi inakwenda wapi.