Mwamba Usiopandwa

Truphosa alirudi kutoka Australia na vumbi jekundu kwenye viatu, akakataa kuvisafisha. Vilikuwa mlangoni pake, pale Husby, mtaa wetu huku Uswidi, siku tulipokutana kwake kusali na kunywa chai. Tuliviruka kwa uangalifu huku tukiuliza picha za kileleni ziko wapi.

Maana alituahidi. Zamani, alipokuwa ameolewa na hajapata mtoto, mama yake alimpeleka Kit Mikayi, ile miamba mikubwa karibu na Kisumu ambako watu huenda kusali. Akazaliwa Akeyo. Sasa Akeyo naye ameolewa, amehangaika na hospitali za hapa mpaka akachoka, akaacha. Truphosa akashikilia kwamba Uluru, mwamba mkubwa kuliko yote aliyowahi kusikia habari zake, hautashindwa. Akatia kitambaa cheupe cha maombi mkobani, akamburura binti yake hadi jangwani. Nasi tulimshangilia. Tuna midomo, sisi.

"Kumbe haupandwi," alisema akimimina chai.

Ni mahali patakatifu pa wenyeji wa asili, akatueleza. Waliomba miaka na miaka usipandwe. Wageni wakasoma kibao, wakapanda vilevile, hadi ulipofungwa kabisa. Truphosa alikasirika, jamani. Alimwambia Akeyo kwamba hakuvuka bahari kutazama jiwe. Akeyo akamjibu kwa Kiswidi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mama asipate pa kukwepea: "Mama, hata mimi nimewasihi miaka mniache." Wakauzunguka mwamba kwa miguu, jua likiwachoma.

Tulimwonea huruma sana. Bethuel, kiongozi wetu wa maombi, hakukawia. Alisimama, akanyoosha mikono kuelekea jikoni, ambako Akeyo hukimbilia kuosha vikombe kila tunapokaribia jina lake. Tukafumba macho.

"Ndugu Bethuel, keti kwanza," Truphosa alisema. "Hujamuuliza."

Maji yalinyamaza kule jikoni. Nikafumbua jicho moja. Mimi sina subira. Akeyo alikuja akijifuta mikono kwenye sketi, akaketi zuliani karibu na miguu ya mama yake, mahali ambapo hatujamwona tangu aolewe. Bethuel alikohoa. Kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwake, akamuuliza angependa tumwombee nini.

Akeyo alifikiri.

"Usingizi," alisema. "Na mama apunguze chumvi."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika, kisha tukaomba hayo mawili tu.