Mawe Manne Kabla ya Mpira

Fundi wa maabara ya mgodi, wenzake walimwita Chapuchapu, alipewa mawe matano ayapime. Mawe yenyewe meusi, yana matabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na ukiyakwangua yananuka mafuta ya taa. Jiwe huwekwa kwenye mashine, likandamizwe taratibu hadi lipasuke. Moja, saa nzima, na mashine hutoa namba ya uzito uliolipasua. Kwa namba hizo bosi hupanga unene wa nguzo za kushikilia paa la mgodi.

Sasa siku hiyo kulikuwa na mpira saa kumi. Chapuchapu akazungusha kitufe cha kasi mpaka mwisho. Pa! Pa! Pa! Pa! Manne kwa robo saa, na yote yakatoa namba kubwa ajabu; la tano akaliacha mezani.

"Umeyaharakisha?" bosi alifoka, meza ikatetemeka.

"Hapana, bosi." Hata jicho hakupepesa.

"Basi nguzo tutazipunguza. Kesho saa nne natia saini."

Nyumbani alimkuta mama mkwe sebuleni, anashona ovaroli ya mwanawe wa mwisho, mchimbaji wa mgodi huohuo.

"Umewahi leo, baba."

"Kazi zilikuwa chache, mama."

Sindano ikapita mara tatu. "Kumbe."

Mpira ukaanza. Mapumziko yakafika.

"Hii imechakaa mgongoni," mama mkwe akasema, kama anaongea na uzi. "Ndipo anapoegemea nguzo akipumzika."

Chapuchapu akageuza kiti. Goli likafungwa, hakuliona.

"Mama, mfokee tu yaishe!" mkewe akacheka toka jikoni.

"Nimfokee kwani kafanya nini?"

Dakika ya themanini Chapuchapu akapasuka. "Niliyakimbiza, mama! Yote manne!"

"Mawe nayo yanakimbizwa?" Akakata uzi kwa meno. "Limebaki hata moja?"

Asubuhi jiwe la tano likaingia mashineni. Bosi akasimama mlangoni na kalamu. "Ongeza kasi, bwana wee!" Chapuchapu akafunika kitufe kwa kiganja. Jiwe likaanza kulia, tabaka baada ya tabaka, likapasuka kwa uzito uliopungua ule wa jana kwa theluthi nzima.

"Hilo bovu!"

"Si bovu, bosi. Yale niliyaharakisha. Jiwe ukilishtukiza linajikaza. Lakini mlima haushtukizi, unalikalia tu."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mama mkwe."

Bosi, ambaye wa kwake alikuja kusalimia na sasa ulikuwa mwezi wa tatu hajaondoka, hakuuliza zaidi. Akaichana ile ripoti, akaagiza mawe mengine.